Pimbi na Gari la Umeme la Bwana Chui

Hapo kale, wanangu, wanyama walipokuwa na nyumba zenye milango na majiko yenye moshi, palikuwa na kijiji chini ya mlima mkali kikiitwa Mwambani. Hospitali ilikuwa juu kileleni. Mgonjwa alipandishwa kwa mkokoteni wa Punda, na mvua ikinyesha ile barabara ya kona iliteleza kama sabuni.

Masika yaliyopita Bi Swala alishikwa na uchungu, na mtoto akafia njiani kabla hawajafika. Sasa alikuwa mjamzito tena. Kila asubuhi alisimama mlangoni akiutazama mlima, haongei na mtu.

Ndipo Chui akaja na gari jipya la umeme. Halikuwa dogo wala kubwa sana. Lilikuwa limeinuka vizuri kutoka ardhini, buti lake pana, na lilipotembea halikunguruma wala kutoa moshi. Wanyama wakalizunguka, wakaligusagusa kwa ncha za kwato.

"Hili ni gari la mwananchi wa kawaida," Chui akasema. "La watoto wa shule, la mazao, la wagonjwa. Hata chaji ikibaki nusu, linapanda hospitali na kurudi. Fedha sitaki. Nipeni chemchemi yenu tu."

Chemchemi ile ndiyo iliyonywesha Mwambani nzima. Akipewa Chui, kila mwenye kiu itambidi apige hodi kwake.

Lakini Mzee Simba, mkuu wa kijiji, alikuwa amekwisha kulijaribu. Alikaa kiti cha mbele, kiyoyozi kikimpuliza manyoya, wakateremka kutoka kileleni mpaka chini bila mtikisiko. Nyati, msaidizi wake, alikaa nyuma akasinzia. Waliposhuka Simba akatamka, "Jioni tutapeana mkono pale chemchemini."

Sasa kulikuwa na Pimbi, mama mwenye umbo dogo, anayekaa kwenye mwamba kando ya barabara. Kutoka mlangoni kwake aliona kila kilichopita, na siku hiyo aliona jambo likamkaa moyoni. Kila aliyejaribishwa gari aliambiwa atangulie kileleni kwa miguu, eti huko kuna upepo mzuri. Akapakiwa juu, akashushwa chini. Kisha Fisi, shemeji yake Chui, alilipeleka gari kwenye mashine ya kusaga, palipo na umeme, likachajiwe, akalirudisha juu polepole, yeye peke yake ndani.

Pimbi akamfuata Chui.

"Shikamoo, Bwana Chui."

"Marahaba."

"Nimeona watu wakishushwa mlima. Sijaona aliyepandishwa."

Chui akatabasamu. "Mlima ni ule ule, mama. Kinachoshuka ndicho kinachopanda."

"Na kikichoka kwenye kona, mjamzito akiwa ndani?"

Tabasamu likakatika. Chui akainama mpaka sharubu zake zikamgusa Pimbi usoni. "Nyumba yako ina ufa mlangoni, Bi Pimbi. Mkono wangu unapita kwenye ule ufa. Nilishaupima."

Pimbi aliondoka upesi. Akaenda kwa Simba, lakini Simba hata hakumkaribisha kiti. "Gari nimelipanda mwenyewe," akasema. "Unataka kuniambia macho yangu hayaoni?"

Basi akatoka, akasimama njiani akifikiri. Wakubwa hawa hawasikii maneno. Kisha akaenda kwa Bi Swala, akafunga mlango nyuma yake.

"Jirani, leo usitoke ndani, hata ukisikia nini. Na uniazime kanga zako."

"Unataka kufanya nini?"

"Nataka kulipandisha lile gari mlima kabla wewe hujalipanda."

Jua lilipoanza kuinama, kijiji kizima kilikuwa chemchemini. Simba amekwisha kunyoosha mkono, na Chui ameunyoosha wake, Pimbi alipofika anahema.

"Mzee Simba, Bi Swala ameshikwa na uchungu. Tumemlaza kwenye machela pale barabarani."

Wote walikumbuka masika yaliyopita.

"Nitampeleka," Chui akasema haraka, "ila nikalichaji kwanza."

"Chaji ipo nusu, nimechungulia kwenye kioo chake," Pimbi akajibu. "Na nusu inatosha. Umesema mwenyewe mbele ya wazee."

Simba akamtazama Chui. Chui akatazama mlima. "Inatosha," akasema, na sauti yake ilikuwa ndogo.

Nyati alibeba machela iliyofunikwa kanga, akailaza nyuma. "Mama huyu ni mzito," akanong'ona. "Ni mjamzito," Pimbi akamwambia, akajibana pembeni. Chini ya kanga mtu aliguna kwa uchungu. Simba akaketi mbele, Nyati nyuma, wakaondoka.

Kona za kwanza gari lilipanda vizuri, wala tusilisingizie. Lilikuwa na nguvu, limetulia, halikuteleza kwenye kokoto. Lakini kwenye kioo mbele ya Chui ile namba ya chaji ilikuwa ikishuka kama maji kwenye mtungi uliotoboka.

"Joto," Simba akasema. "Washa kiyoyozi."

"Leo kuna upepo, Mzee. Tufungue madirisha."

"Mgonjwa anatoka jasho," Pimbi akasema kwa upole.

Chui akakiwasha. Namba ikashuka upesi zaidi. Kushoto kwao palikuwa na korongo, na chini kabisa mapaa ya Mwambani yalionekana madogo kama vifuniko vya sufuria. Kule nyuma mguno ukazidi.

"Mbona umepunguza mwendo?" Simba akauliza.

"Ni... ni kona, Mzee."

"Hapa hapana kona."

Taa nyekundu ikawaka. Gari likatambaa, likatambaa, kisha likasimama. Kimya. Kiyoyozi kikakata pumzi. Kileleni hapakuonekana bado.

Chui alibonyeza kitufe hiki na kile. Makucha yake yalikuwa yakigonga usukani, ta, ta, ta.

"Lipandishe," Simba akasema.

"Mzee, betri..."

"Mama atazalia wapi? Hapa juu ya korongo?"

Chui akajikunyata kwenye kiti. "Betri niliyotia ni ndogo kuliko niliyosema," akasema. "Mtu mmoja, njia ya tambarare, hapo linafika mbali. Kwa mzigo na mlima haliwezi. Nilijua."

Simba alitoka, akazunguka nyuma, akaifunua kanga ili ambebe mgonjwa mgongoni. Ndani akakuta gunia la mawe, na dada yake Pimbi amelala juu yake, ameacha kuguna.

Simba akageuka polepole. Mkono wake ulikuwa umeinuka, na kivuli chake kilimfunika Pimbi mzima. "Umenidanganya. Mimi."

Pimbi hakukimbia. "Nimekudanganya, Mzee. Bi Swala yuko kwake, mzima. Mawe hayafi njiani. Nilipokuja kwako na ukweli hukunisikiliza, na sikuwa na njia nyingine ya kukuonyesha kona hii kabla yeye hajaifikia."

Simba alibaki ameinua mkono. Akalitazama korongo, akalitazama gunia. Kisha akaushusha mkono, akamgeukia Chui.

"Chemchemi hutaipata," akasema. "Utatia betri uliyoahidi, na utaweka pa kuchajia chini na juu. Baada ya hapo utatupandisha tena, tukiwa tumejaa hivi hivi. Likifika, tutakulipa mahindi kila mavuno. Lisipofika, uondoke Mwambani na shemeji yako."

Nyati aliligeuza gari kwa pembe, wakashuka nalo wakishika breki.

Chui alinuna, lakini aliifanya kazi. Gari likapanda mpaka hospitali na kurudi, Simba ndani, Nyati ndani, na gunia la mawe nyuma. Masika yalipofika Bi Swala alipandishwa usiku wa mvua kubwa, Pimbi amemshika mkono, na kulipokucha mtoto wa kike alikuwa amesimama kwa miguu yake minne akitafuta ziwa la mama yake.

Basi wanangu, chombo hupimwa kwenye mlima, hakipimwi kwenye mteremko.