Mfalme Aliyecheza Ngoma za Wagonjwa

Mnisamehe mapema. Hadithi hii kila nikiisimulia naiharibu, maana nacheka kabla sijafika penye kuchekesha. Ichukueni hivyo hivyo, mkiirusha kwa wengine mtainyoosha.

Mfalme Mwinyigogo aliipenda afya ya watu wake kupita kiasi. Aliamuru kila mgonjwa akilazwa, ngoma ipigwe mlangoni. Penye ngoma nyingi ndipo hazina ilipomimina fedha. Hospitali kuu ya mjini ikawa inarindima kutwa, na mfalme kila akiisikia alisimama barazani akacheza. "Mnasikia? Hiyo ndiyo tiba."

Zahanati ya Mbugani peke yake ilikuwa kimya. Mfalme akafunga safari kwenda kuifunga.

Alimkuta muuguzi, Bi Sikudhani, anapima watoto uzito huku akiwatania mama zao.

"Ngoma yenu iko wapi?"

"Ile pale, Mwinyi. Kuku ameatamia ndani."

"Basi hapa hamna kazi. Nafunga."

"Funga, lakini kaa kwanza. Mbona unachechemea?"

Kiatu kipya kilikuwa kimemchubua kisigino, naye njia nzima alijikaza kifalme. Bi Sikudhani akamsafisha kidonda, akamfunga kitambaa.

"Haya, nipigie ngoma," mfalme akasema.

"Kwa mchubuko? Ungengoja uoze, ukapelekwa mjini kwa machela, ngoma ungepigiwa. Ila mguu wa kuichezea ungekosa."

Kina mama wakaangua kicheko. Mfalme akatazama kisigino chake.

Mara ngoma ikalia nyumba ya pili. Mfalme akainuka, uso umemkunjuka. "Kumbe! Nani huyo amelazwa?"

"Hajalazwa mtu, Mwinyi. Kuna harusi. Bibi arusi mwenyewe aliletwa hapa akiwa mchanga, homa tukaiwahi."

Mfalme alikwenda harusini, na kisigino chake hicho hicho, akacheza mpaka kilemba kikamdondoka. Huko huko akatangaza: kuanzia sasa fedha zianzie zahanati, kwa idadi ya watu inaowatunza, wazima kwa wagonjwa. Kuku wa Bi Sikudhani asisumbuliwe. Na wapiga ngoma wa hospitali wahamie kwenye harusi.

Waziri aliyefuatana naye akamnong'oneza, "Sasa, Mwinyi, ni nani aliyetupotosha miaka yote hii?"

"Usimtafute mbali," mfalme akasema, akifunga kilemba chake upya. "Watu walikuwa wanaugua, na aliyekuwa akicheza ni mimi."

Funzo: Fedha ya afya ianzie karibu na mlango wa mtu, kabla maradhi hayajapanda kitandani, kwani anayehesabu wagonjwa tu hatawaona waliopona mapema.