Matundu ya Ukuta wa Namkunda

"Heri akataye jani kuliko alalaye ndani yake." Mmemsikia shangazi yenu akimwambia mkwewe hivyo, mkacheka, kisha mkaja kuniuliza maana. Kaeni basi, na mikono isilale, menyeni mbaazi hizo. Methali hii ilianza hivi.

Huko milimani Upare aliishi Nakijwa na mke mwenzake mdogo, Namkunda. Kila mmoja alikuwa na nyumba yake na shamba lake la mbaazi, ndilo lililolisha watoto wake. Nakijwa alikuwa na wivu, tena wivu wa kuchungulia hata moshi wa jikoni kwa mwenzake.

Siku moja aliona majani ya mbaazi zake yamekatwa vipande vya mviringo. Akavizia. Kumbe ni nyuki, wale wasioishi mzingani, kila mmoja na tundu lake. Walikata jani wakaruka nalo moja kwa moja hadi kwenye ukuta wa udongo wa Namkunda.

"Mume amenichukulia, sasa na majani yangu!" alifoka. Namkunda alipokwenda gulioni, Nakijwa akakanda udongo, akaziba matundu yote.

Majani mengine yalikuwa na michirizi myeupe. Kidudu cheusi mfano wa nyigu mdogo kilitaga humo, na funza wake walikula ndani kwa ndani. "Hawa angalau hawapeleki kitu kwa yule," alisema, akawaacha.

Majani yakakauka. Maua yakapukutika bila kuzaa. Wakati wa kuvuna Nakijwa hakujaza hata ungo, akakaa shambani akilia. Namkunda akamkuta hapo.

"Bi mkubwa, ni wewe uliyeziba ukuta wangu?"

"Ni mimi. Walikuwa wanakuletea wewe."

"Wananiletea nini? Umewahi kuniona nikipika majani ya nyuki? Walikata jani wakawatandikia watoto wao tunduni, na kwa kuingia kwenye maua yako wakakuzalishia mbaazi." Akachuma jani lenye michirizi, akalichana kwa ukucha. Funza akadondoka kiganjani mwa Nakijwa. "Mwizi wako huyu. Ulimfuga kwa sababu tu hakupita mlangoni kwangu."

Nakijwa aliona aibu mpaka machozi yakakauka. Akachukua kisu, akaenda kuyazibua matundu kwa mkono wake mwenyewe, mwenzake akimtazama.

Wivu haukuisha, msidanganyike. Uke wenza ni uke wenza. Lakini tangu siku hiyo, kila wivu ulipoanza kumtafuna kimya kimya kama yule funza ndani ya jani, Nakijwa alijishika kifua na kujiambia: "Heri akataye jani kuliko alalaye ndani yake."