Siwema na Zimwi la Chumvi

Niwasimulie, nisiwasimulie? Simulia, twakusikiliza!

Alikuwako mwanamke, Siwema, na mtoto wake Chano mgongoni, kwenye kijiji ambacho wanawake walifagia mashamba mpaka yang'ae. Chini ya ardhi lilikaa Zimwi la Chumvi. Jua likichoma udongo mtupu, maji hupanda juu, na zimwi huyakwea kama ngazi.

Siwema akasia mtama, zimwi likakwea, ardhi ikawa nyeupe, mtama ukafa. Akasia tena, ukafa tena. Zimwi likacheka: "Nikifika mara ya tatu, namchukua mtoto!"

Jamani, angefanyaje? Akasia huku analia, akafagia, akafagia. Jioni akainua mkeka aliomlazia Chano pale shambani. Chini yake udongo ulikuwa baridi, una majimaji, wala chumvi hakuna!

Akakimbia nyumbani, akang'oa nyasi za paa lake zote, akazitandaza shambani.

"We mwanamke, una wazimu?" mama mkwe wake akafoka. "Nyumba uchi, shamba jalala!"

"Mama, niache niaibike. Mtoto wangu!"

Kesho yake jua likawaka. Zimwi likapapasa gizani: "Ngazi yangu iko wapi? Ngazi yangu iko wapi?"

Kisha mvua ikanyesha. Siwema akalowa ndani ya nyumba isiyo na paa, kamkumbatia Chano, anatetemeka, anasikiliza maji yakilizamisha zimwi chini, chini, chini kabisa.

Mtama ulipochipua, mama mkwe alikuja. Akaufumua ufagio wake, akautandaza shambani.

Hadithi yangu nimeifunika hapo.