Jino la Sikudhani

Hapo zamani, zamani ya majuzi tu, msinitolee macho, palikuwa na mtoto wa miaka saba, Sikudhani, amelazwa wodi ya watoto wenye saratani. Dawa ilikuwa inaipiga saratani vizuri, ila ikamjaza vidonda kinywani. Na jino moja la utoto linacheza. Mtoto akafumba mdomo, kufuli, hata kusukutua hataki, akiogopa wakubwa wasije wakaling'oa. Daktari akasema kinywa kisipopona hadi Ijumaa, dawa itasimamishwa kwanza. Hapo wote wakaingiwa na hofu.

Muuguzi, Sista Eliwaza, akachanganya maji ya chumvi. Kila baada ya saa mbili akayapitisha pembeni mwa mdomo kwa bomba la sindano lisilo na sindano, tone kwa tone. Mdomo haukufunguka, ila vidonda vikaanza kupoa.

Bibi yake, Chausiku, akavua meno yake ya bandia, akayapiga mswaki mbele ya mjukuu, akayarudisha, kisha naye akafumba mdomo. Bibi huyu kwa maneno hana mpinzani. Siku nne kimya, jamani! Wodi nzima ikakosa habari za watu. Mdomo haukufunguka, ila mtoto akaanza kumwonea bibi huruma.

Zawena, mgonjwa wa miaka kumi na mitano, kichwani hana hata unywele, akabugia maji ya chumvi akasukutua wimbo wa harusi, gloglo gloglo, akaukosea makusudi. Sikudhani hakuvumilia.

"Siyo hivyo!"

Jino likadondoka kitandani. Lenyewe.

Ijumaa daktari akachungulia, akaridhika, dawa ikaendelea. Sasa kwao jino la utoto hurushwa juu ya paa ili liote jingine. Sikudhani akatangaza kwamba atakayelirusha ni yule aliyemfungua mdomo. Na paa lenyewe lipo juu ya ghorofa tatu.

Sista akasema, "Maji yangu ndiyo yaliyomponya. Hata siku yangu ya mapumziko nilikuja."

Bibi akasema, "Nimenyamaza siku nne. Mimi! Mnanijua nyie?"

Zawena akasema taratibu, "Kesho narudi nyumbani. Nataka mkono wangu uache kitu juu ya paa hili."

Wakabishana mpaka saa ya kusukutua ikafika. Sikudhani akawatazama mmoja mmoja, akalificha jino kiganjani, akafumba mdomo tena mpaka wakubaliane. Sista bado ameshika kikombe cha maji ya chumvi.

Haya, nyinyi mnaojua kila kitu, semeni upesi: nani alistahili kulirusha?