Mafuta ya Mrehani Mweusi

Paukwa!

Pakawa!

Mmeitika kama wagonjwa. Paukwa!

Pakawaaa!

Haya, sasa nawasikia. Hapo zamani za kale, nyinyi hamjazaliwa na mimi hata sijaombwa, palikuwa na kijiji. Kijijini alikuwapo Bi Mize, mpika mafuta ya maharusi. Asumini aliijua, kilua alikijua, mkadi aliujua, maua yote ya kunukia. Mwali hakutoka ndani bila mafuta yake.

Lakini Bi Mize alikuwa na siri. Pua yake ilikufa. Homa kali ilimshika, ilipoondoka ikaondoka na harufu zote. Tangu hapo alipika kwa sikio. Majani yakiwa na maji, chungu hulia chwa-chwa-chwa. Maji yakiisha, chungu kimya, naye huepua. Hakumwambia mtu, maana nani angempelekea mwanawe bibi asiyenusa?

Siku moja akaja Ramla, binti wa Mzee Ngwali. Mama yake, Bi Kazija, alikuwa amefariki mwaka uliopita. Harusi ya Ramla ilibakiza siku saba.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu."

"Nipikie mafuta aliyokuwa akijipikia mama. Sitoki kwa baba bila harufu yake. Naanza kuisahau, bibi. Nguo zake nimezinusa mpaka zimekwisha harufu."

Bi Mize aliumia moyo. Angeweza kumpikia yoyote na kumdanganya. Hakuweza.

"Mjukuu wangu, mimi sinusi tena. Mwaka wa sita huu. Basi wewe uwe pua yangu. Yalinukaje?"

Ramla akafumba macho. "Kama karafuu, lakini mbichi. Na siku ya kupika, vidole vya mama vilikuwa vyeusi, kama aliyemenya ndizi mbichi."

Bi Mize akapiga kofi. Pa! "Mrehani mweusi! Ule wenye majani ya rangi ya zambarau."

Ramla akanyong'onyea. Kijiji kile, mrehani mweusi ulikuwa wa wafu. Majani yake waliwekewa maiti sandani, na mche ulipandwa kaburini. Hata mche wa Bi Kazija uling'olewa nyuma ya jiko lake ukahamishiwa kaburini kwake. Nje ya makaburi hapakuwa na mwingine.

Shangazi yake, Mwatima, aliposikia akaja mbio, khanga inamdondoka.

"Astaghfirullahi! Mwali apakwe majani ya kaburi? Mnamwoza au mnamzika?"

Bi Mize akamtazama. "Mwatima, ulipomwosha wifi yako, ulimwekea majani haya. Kwa nini?"

"Si ili anukie?"

"Basi hukumpa kitu kibaya. Ulimpa kizuri kuliko vyote ulivyokuwa navyo. Sasa mbona unakiogopa?"

Mwatima akaenda kukaa kizingitini.

Asubuhi, umande umekauka na jua halijawa kali, Ramla akaenda kaburini. Akamwombea mama yake dua, akachuma majani machache, mche akauacha umesimama. Bi Mize akayatia kwenye mafuta ya nazi. Chwa-chwa-chwa! Kimya. Ramla akainama, akanusa.

"Bado, bibi."

Wakaongeza majani. Chwa-chwa-chwa! Kimya.

"Bado kidogo."

Wakaongeza. Chwa-chwa-chwa! Kimya. Ramla akainama, safari hii akalia tu, na Bi Mize akaepua.

Siku ya harusi, Mzee Ngwali akaingia kumpa mwanawe radhi. Tangu kufiwa, mzee huyo alikuwa na maneno machache mno. Akanyoosha mkono juu ya kichwa cha Ramla. Mkono ukasita. Akageuka, akatazama mlangoni.

"Kazija?"

Mzee akamtazama binti yake, akaelewa, akaketi mkekani akalia machozi ambayo mwaka mzima hayakutoka. Kisha akasema, "Nenda, mwanangu. Nenda na mama yako."

Shangazi Mwatima akachovya kidole kwenye mafuta, akajipaka shingoni. Na Bi Mize, pale pembeni, hakumuuliza mtu kama yalinukia. Uso wa mzee ulimtosha.

Basi wanangu, mkikuta kitu tumekiachia makaburi peke yake, msikimbie. Ulizeni kwanza kilipendwa na nani.

Ngano yangu imefika hapo, nami naitua.