Nani Alimwonesha Mama Gwakisa Uso wa Mwanaye?

Kaeni chini jamani. Wewe wa mlangoni, ingia au toka, usinizibie mwanga. Simu zigeuzeni kifudifudi, maana kisa hiki simu zimo, na zilimliza mtu.

Mbeya, mtaa mmoja juu kidogo ya soko la Mwanjelwa, walikuwepo watu watatu, kila mtu na chake.

Tumpe alikuwa na mdomo. Akikuomba kitu unajikuta umeshampa, halafu wewe ndo unamshukuru.

Ambakisye, binamu yake, alikuwa na mikono. Redio iliyokufa zamani, anaifungua kwa ncha ya kijiko, inaanza kuongea.

Na Da Atupele, jirani wa ukuta kwa ukuta, hakuwa na aibu. Siku Mungu anagawa aibu, yeye alikuwa ameenda kusaga mahindi. Atakuambia ukweli wako mbele ya wakwe zako, na atakuuliza kama umesikia.

Katikati yao alikuwepo Mama Gwakisa, mama yake Tumpe. Gwakisa ndo alikuwa kifungua mimba wake. Alienda Bondeni, Sauzi huko, Durban, kutafuta maisha. Kila Jumapili alikuwa anapiga, sauti tu, anasema kamera ya simu yake imekufa. Halafu siku moja namba yake ikaita na aliyeongea hakuwa yeye. Gari lilimgonga.

Kuurudisha mwili ikashindikana. Washikaji zake wa kule wakasema watamzika wao Jumamosi, wataonesha laivu, nyumbani wafuatilie.

Sasa kwao pale, kumzika mtu hujamwona uso ni kama hujamzika. Unapita kwenye jeneza, unamtazama, unamwambia lako, ndo unaruhusu lifungwe. Mama Gwakisa hakuomba kingine. Alisema, "Wakifunua, nimwone. Nimwambie nenda baba. Basi."

Tumpe akaenda ofisi ya watu wa intaneti. Wakamwambia wiki ijayo. Akakaa kwenye kiti cha wateja akaongea, akaongea, mpaka fundi mwenyewe akabeba ngazi akamfuata. Boksi la intaneti likafungwa chumbani kwa mama, maana ukuta wa kule ndo ulikuwa na tundu la waya.

Ambakisye akaazima TV kubwa ya kanisani, akaifunga sebuleni. Ijumaa mchana, wanaume wameenda kubeba mabenchi, wanawake wako nje kwenye masufuria, akaingia chumbani, akasimama na simu yake pua kwa pua na boksi, akapima spidi. Mshale ukapanda, ukalala upande wa pili.

"Hamsini! Shangazi, hii ni hatari. Kesho Gwaki utamwona kama yuko hapo mlangoni."

Mama Gwakisa hakujua hamsini ni nini. Ila aliishika ile hamsini kama mgonjwa anavyoshika karatasi ya dawa. Kila aliyekuja kumpa pole alimwambia, "Tutamwona. Tuna hamsini."

Da Atupele yeye akapita nyumba kwa nyumba. "Mtamwacha azike peke yake? Na mkija msije na sura za kuomba wali, njooni mlie!" Basi Jumamosi nyumba ikajaa mpaka uani, mpaka barabarani.

Na mtu aliyekuja kukulilia humnyimi kitu. Unampa maji, unampa mkeka. Siku hizi anauliza na Wi-Fi. Tumpe angekataaje? Akaandika paswedi kwenye kipande cha katoni, akakibandika mlangoni, kila anayeingia anaivuta kwenye simu yake kabla hata hajasalimia.

Laivu ikaanza fresh. Kwaya ya kule ikaonekana, jeneza likaonekana, maua juu yake. Mama Gwakisa akasogea mpaka magoti yakagusa meza ya TV.

Pasta akanyanyua mkono, akasema, "Sasa familia itamuaga ndugu yetu..."

Mkono ukabaki juu.

Kiduara kikaanza kuzunguka katikati ya kioo. Mama Gwakisa akasubiri. Akageuka. "Mbona pasta hamalizi neno?"

"Inavuta, shangazi. Inakuja," akasema Ambakisye. Haikuja. Picha ikaruka, ikaganda tena, mara hii kwenye viatu vya watu. Ambakisye akakimbilia chumbani, akapima, akarudi ameinua simu juu kama shahidi. "Haijashuka! Si hii hapa, bado hamsini!"

Mama Gwakisa akaitazama ile simu, akasema taratibu, "Basi nioneshe mwanangu kwenye hiyo namba."

Ambakisye akaishusha ile simu.

Ndo akaelewa. "Nilipima vibaya. Nilikuwa mbele ya boksi, nyumba tupu. TV iko huku, kuta mbili katikati. Na ile ya kupima inaongea na mtambo wa hapahapa nchini, inaenda inarudi haraka. Gwaki anatoka Durban, shangazi. Njia yote hiyo, na hapa mwishoni anasukumana na simu za msiba mzima."

Akaingiza mikono kazini. Alikuwa na waya wa mtandao kwenye begi lake la kazi. Akauchomeka kwenye boksi, akautupa dirishani, akauzungusha nje kwenye matope, akaupitisha chini ya miguu ya wamama waliokaa mkekani, akauchomeka nyuma ya TV. Kidole kikachanika kwenye bati, wala hakuangalia.

Da Atupele akasimama juu ya benchi. "Mfiwa hawezi kuwafukuza, ila mimi si mfiwa! Zimeni simu! Wewe baba mkubwa, mpira utaurudia kesho, timu yenyewe inafungwa! Wewe dada, hao unaowaonesha msiba wetu wamekuomba?"

"Atupele, una adabu wewe?" mzee mmoja akafoka.

"Sina. Zima!"

Wakazima, mmoja mmoja, wamenuna. Wengine hawajamsalimia mpaka leo.

Tumpe akatoka nje akampigia kijana aliyeshika kamera kule. Kijana akamwambia wameshafunua jeneza, wameshika kifuniko tayari kufunga, watu wa makaburi wana haraka, kuna maiti nyingine inasubiri getini. Tumpe akasema mpe simu anayeshika kifuniko. Akapewa mtu asiyejua hata neno la Kiswahili, na yeye Kiingereza chake cha kuungaunga. Alichomwambia hakuna anayejua. Alikuwa amepiga magoti kwenye matope anarudia neno moja, maza, maza, maza. Yule mtu akakiweka kifuniko pembeni.

Picha ikarudi. Kwanza viboksiboksi, halafu ikakaa sawa.

Gwakisa alikuwa amelala na shati jeupe. Mama Gwakisa akapeleka mkono kwenye kioo.

"Ana ndevu," akasema. "Hakuniambia ana ndevu."

Ndo alichosema. Akavuta pumzi aseme na lile neno lake la kuaga, na kabla hajalitoa kifuniko kikashuka. Hapo mtandao ulikuwa mzima kabisa, wala haukukwama, ndo ulivyo. Ulionesha mpaka msumari wa mwisho.

Siku ya kuanua tanga, ndugu wamebaki wachache, akaja dereva wa lori, mtu wa mtaa uleule. Anashuka Durban na mzigo. Akasema pembeni yake kuna nafasi ya mtu mmoja.

Mama Gwakisa miguu yake haimfikishi hata sokoni. Akaenda nyuma ya jiko, pale kilipozikwa kitovu cha Gwakisa, akachota udongo, akaufunga kwenye pindo la kitenge. Akasema mtu aupeleke kaburini, na akifika amwambie lile neno ambalo yeye hakuwahi kulisema. "Mliseme kwenye simu? Hapana. Kioo sikitaki tena. Nataka mtu asimame pale kwa miguu yake awe mimi. Aende aliyenionesha mwanangu."

Tumpe akasema, "Mama, ni mimi. Kifuniko kingefungwa wangewasha TV waone nini?"

"Hata wangekiweka kifuniko pembeni mpaka jioni, picha ingepita wapi?" akasema Ambakisye. "Njia nilitengeneza mimi."

Da Atupele akacheka kwa uchungu. "Njia yako ingejaa simu za watu. Mimi nimegombana na mtaa mzima, nyie mmegombana na nani?"

"Aliyeujaza huo mtaa humu ndani ni nani?" Tumpe akamrukia.

"Na aliyebandika paswedi mlangoni?" Da Atupele akamrudishia.

Wakageuka wote kumtazama Ambakisye. Yeye akainama. "Najua. Ningepima pale kwenye TV ningejua tangu Ijumaa. Angemwona mpaka achoke. Ndo maana nataka niende mimi, nikamwombe Gwaki msamaha."

"Hata mimi nina msamaha wangu wa kumwomba," Tumpe akasema.

Da Atupele, yule asiye na aibu, akajifuta macho na kanga, naye akanyoosha mkono.

Nje lori likapiga honi. Dereva akachungulia, "Mama, kuna foleni mpakani Tunduma, nani anapanda?"

Mama Gwakisa amekaa, fundo la udongo kiganjani. Mmoja alileta njia, mmoja alileta nafasi, mmoja alileta muda, na kila mmoja alimnyima kidogo. Anawatazama, mikono yao yote imenyooshwa mbele yake.

Haya, nyie mliokaa hapa. Honi inalia. Ungekuwa wewe ndo yule mama, ule udongo ungeuweka kwenye mkono wa nani?