Boga Lililopanda Ukuta wa Mzee Kobelo

Isome hii mpaka mwisho, halafu mtumie jirani yako, hasa yule mwenye geti kubwa asiyejua hata jina lako.

Pembezoni mwa mji wa Morogoro, kule ambako watu hujenga ukuta kabla ya kuezeka nyumba, aliishi mstaafu mmoja wa reli akiitwa Mzee Kobelo. Ukuta wake uliushinda kwa urefu kila ukuta wa mtaa ule. Juu yake alipandikiza vipande vya chupa, vikali kiasi kwamba kunguru wenyewe walitua kwa kunyata. Na uani, nyuma ya nyumba, palikuwa na uwanja wa kutosha timu mbili za mpira, na refa akabakiwa na pa kukimbilia akiharibu mechi. Uwanja wote huo kazi yake ilikuwa kufuga mijusi.

Mkewe alishatangulia mbele ya haki, watoto wanaishi mbali. Mzee alijipikia ugali na dagaa. Jana dagaa, leo dagaa, kesho akiamka salama, dagaa.

Asubuhi moja akabishiwa hodi. Akachungulia kwenye tundu la geti, akamwona Semeni, mpishi wa chekechea iliyo mwisho wa mtaa.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Kama ni mchango wa harusi, nimeshachanga."

"Si harusi, baba. Nimekuja kuomba mahali pa kulima."

Mzee Kobelo akafungua geti kidogo, upana wa pua. "Ardhi nayo siku hizi inaombwa kama chumvi?"

Semeni hakukasirika. Akaeleza kwamba kile kiwanja kitupu alichokuwa analima mboga za watoto kimepata mwenyewe, msingi umeshachimbwa juu ya mchicha. Sasa watoto wanakula ugali kwa maji ya chumvi, na wazazi wameanza kunung'unika. Jiko la chekechea likizimwa, mama zao wataenda sokoni kama kawaida, na watoto watashinda ndani, mlango umefungwa kwa nje.

"Uani kwako pamelala bure, baba. Niazime nilime."

Hapo mzee akabanwa. Kukubali hataki. Kukataa napo anaogopa, maana kwa nje ya ukuta, palepale karibu na geti, Tindwa fundi baiskeli alikuwa ameacha hata kupiga nyundo ili asikie vizuri. Na jambo likishamfikia Tindwa, limeufikia mkoa.

Mzee akakuna kidevu. Halafu akatabasamu tabasamu la mtu aliyeuza mbuzi mgonjwa.

"Nakupa, mwanangu. Lakini kwa sharti. Kitakachoota ndani ya ukuta huu ni changu. Kitakachovuka ukuta ni chako na watoto wako. Masika ikiisha hakijavuka kitu, unanirudishia uwanja wangu, na hodi yako nisiisikie tena."

Tindwa akapaza sauti kutoka nje. "Mzee, na kuku akiruka je?"

"Kaza spoku zako wewe!"

Semeni aliutazama ukuta kuanzia chini hadi kwenye chupa, taratibu, kama mtu anayepima kitambaa cha kushona. "Nimekubali, baba."

Mzee akalala usingizi mtamu. Akilini mwake alishaiona bamia, akauona mchicha, na vyote ni vyake. Nani amewahi kuona bamia ikiruka ukuta?

Lakini Semeni alikuja na jembe dogo na mbegu kidogo kwenye kipande cha gazeti. Akachimba vishimo chini ya ukuta tu, akatia samadi, akafukia, akaegemeza fito. Uwanja wote wa katikati hakuugusa.

"Mbona umejibana pembeni?" mzee akauliza. "Katikati pote umemwachia nani?"

"Katikati ni kwako, baba. Mimi nataka ukuta."

Mvua ya kwanza ikanyesha, maboga yakachomoza. Na maboga ya pale, ndugu zangu, hayakuota, yalitoroka. Ardhi iliyopumzika miaka yote ile ikayasukuma kama inadaiwa. Ukiacha ndoo karibu nayo ukaingia ndani kunywa chai, ukitoka unakuta jani limeshaweka mkono begani mwa ndoo.

Siku mzee alipoona ncha ya boga imefika usawa wa kifua chake, usingizi ukamkimbia. Akahesabu matofali yaliyobaki juu. Akaona aibu inapanda fito kwa fito.

Lakini Kobelo hakuzaliwa jana. "Si nilisema kilichomo ndani ni changu?" akajiambia. Akainyofoa ile ncha, akanyofoa na nyingine zote, kila iliyoinua kichwa. Na kwa kuwa hakuzoea kutupa kitu, akayamenya majani, akayapika kwa karanga.

Jamani! Alipoonja tonge la kwanza aligeuka akatazama mlangoni kama aliyeitwa jina na marehemu mkewe. Akala mpaka akafuta sufuria kwa kidole. Dagaa wa siku ile waliliwa na paka, na paka akashangaa.

Basi ikawa desturi. Jua likielekea kuzama, mzee anakwenda ukutani, ananyofoa ncha kwa hasira, anakula kwa furaha. Semeni akija kupalilia anazikuta zimekatwa. Anatazama mkato, anatazama dirisha la jiko, anaendelea kupalilia.

Mzee akangoja boga lichoke. Halikuchoka. Palipokatwa ncha moja pakatoka matawi mawili, pembeni likachungulia la tatu. Alipokuwa anapigana na mmoja, sasa akawa anapigana na kijiji. Akakata tena, yakazidi. Ukuta ukageuka kijani tupu, rangi yake ikasahaulika.

Asubuhi moja akasikia Tindwa anapiga kelele nje.

"Semeni! Njoo upokee wageni wako! Wamefika!"

Matawi yalikuwa yamepita katikati ya chupa. Chupa ile imewekwa imzuie mwizi, na boga si mwizi, lilipita kama lina kitambulisho. Likamwagika upande wa pili, likaezeka kibanda cha Tindwa bila malipo. Haukupita muda likaanza kuzaa. Maboga yalipoanza kuwa mazito, wanawake wa mtaa wakaleta kanga zilizochakaa, wakayabeba kwa mbeleko kila moja, wakafunga kwenye misumari waliyoipigilia ukutani. Mtu akipita kwa mbali alidhani mtaa mzima umejifungua.

Mzee Kobelo alitoka, akaona, akarudi ndani. Moyo ulikuwa unawaka. Akiwa amekaa jikoni, likamjia wazo la mwisho. Maboga yamevuka, sawa. Lakini shina? Shina limo ndani, na kilichomo ndani ni chake. Sharti ni sharti. Akikata mashina leo, yale ya nje yatanyauka machanga kwenye mbeleko zao, na hakuna mjumbe wala mwenyekiti wa kumtia hatiani.

Akachukua panga. Akafika ukutani, akainama, akalishika shina la kwanza.

Geti likagongwa.

Akalifungua kwa ghadhabu, panga mkononi. Nje alisimama Semeni, nyuma yake wanawake wa mtaa, na watoto wa chekechea wote na sahani zao za plastiki. Kabla mzee hajafungua mdomo, vigelegele vikapasuka.

"Baba!" Semeni akasema kwa sauti ya kusikika mpaka barabara kuu. "Tumekuja kukushukuru. Boga lisipokatwa ncha linakwenda na mkono mmoja tu. Wewe umelikata kila siku, kwa mkono wako, mpaka likawa na mikono ya kutulisha sote. Na hukujitangaza. Watoto, mwambieni babu!"

"Asante babu!"

Kisha Semeni akalitazama lile panga, akacheka kwa uchangamfu. "Na leo tena amekuja tayari na panga la kutukatia!"

Mzee akalitazama panga. Akawatazama watoto. Mtoto mmoja alikuwa ameshainyoosha sahani, wala hakuwa na shaka yoyote. Akatoka nje, mara ya kwanza bila kufunga geti nyuma yake, akafungua mbeleko ya boga lililotangulia kukomaa, akalilaza kwenye benchi la Tindwa na kulipasua kwa pigo moja.

Siku ile alikula nao, amekaa chini kwenye kivuli cha majani, na alisimulia mambo ya reli mpaka watoto wakasinzia. Wiki iliyofuata akamwita fundi mwashi, akatoboa mlango mdogo katika ukuta ule ule. Uwanja wa katikati wakagawana wanawake wa mtaa, mmoja tuta la bamia, mwingine matembele, na mzee akawa bwana maji, anamwagilia huku anawagombeza wote.

Siku mlango ulipokamilika, alimvuta Semeni pembeni.

"Mwanangu, nikwambie ukweli. Zile ncha sikuzikata kwa nia njema."

"Nilijua, baba. Tangu ile ya kwanza. Na lile panga nililijua."

"Sasa mbona ulinishukuru mbele za watu?"

Semeni akafunga kanga yake vizuri, akainua jembe. "Nia yako niliijua mimi, baba. Boga halikuijua, lilichipua tu. Nikaona na mimi nifanye kama boga."

Funzo: Kama una uwanja uliolala na jirani yako ana mikono isiyo na ardhi, mfungulie mlango mapema, na ukikutana na mtu mgumu, mshukuru kwa wema ambao bado hajautenda, huenda akaona haya akautenda.